Je, Yampasa Mwenye Cheo Kujua Kusoma na Kuandika?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu na kumjuza yale asiyoyajua. Na sala na salamu zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kufuata njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya haya.

Nimeulizwa na baadhi ya ndugu zetu, baada ya darsa ya baina ya magharibi na isha, swali ambalo kwanza nililiona jepesi, kisha nilipolitia moyoni nikaliona zito. Wameuliza: Mtu atakaye kushika cheo cha utawala, akawa diwani, au mbunge, au mkubwa wa mji, je, yafaa ashurutizwe kujua kusoma na kuandika? Au watu waachwe wamchague wamtakaye, ajue asijue?

Swali hili lilizuka kwa maneno yaliyopita barazani baina ya watu wawili. Mmoja alisema kuwa asiyejua kusoma ni kama kipofu, na kipofu hapewi usukani wa chombo. Wa pili akamjibu kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa ummi, hakusoma kitabu wala hakuandika kwa mkono wake, naye ndiye mbora wa wote waliotawala watu, basi asemaye kuwa asiyesoma hafai, na aangalie ulimi wake umemgusa nani. Baraza ikanyamaza, na wote wawili wakaondoka kwa hasira. Nami nitajibu kwa kadiri ya elimu yangu, nikimwomba Mwenyezi Mungu aniepushe na kusema kwa matamanio ya nafsi.

Khabari ya ummi

Ewe ndugu yangu, jihadhari na hoja hii ya wa pili, maana ina heshima kwa nje na hatari kwa ndani. Kutosoma kwa Mtume (s.a.w.) kulikuwa dalili ya ukweli wake. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Ankabut, aya ya 48, kuwa Mtume hakuwa akisoma kitabu chochote kabla ya Kurani wala kukiandika kwa mkono wake, na lau angalikuwa hivyo, watu wa batili wangalipata njia ya kutia shaka. Basi kwake yeye sifa ile ni ukamilifu, kwani aliyemfunza ni Mola wake. Wewe na mimi hatuteremshiwi wahyi. Tusiposoma, hatujui.

Na yeye mwenyewe hakuuridhia umma wake ubaki hivyo. Baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliwekewa fidia ya kuwafunza watoto wa Ansari kuandika. Tazama hali yenyewe: Waislamu walikuwa na njaa na haja ya kila dirhamu, na mbele yao wako maadui waliotoka kuwaua. Akaona kuwa herufi katika vichwa vya watoto ni mali itoshayo kuwa fidia ya mtu.

Kisha akamwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani nao juu ya barua zake. Zaid akajifunza kwa muda usiofika nusu ya mwezi, akawa ndiye amwandikiaye barua ziendazo kwao na amsomeaye zitokazo kwao. Katika khabari hii mna fundisho kubwa. Watu wa kumsomea walikuwapo tangu hapo, lakini msomaji yeyote tu hakutosha. Alitaka msomaji amjuaye na amwaminiye.

Na katika mkataba wa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, ambao ni 628, Ali bin Abi Talib (r.a.) ndiye aliyekuwa akiandika. Mjumbe wa Makureshi, Suhail bin Amr, akakataa yasiandikwe maneno ya kuwa Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ali akaona vizito kuyafuta. Mtume (s.a.w.) akataka aonyeshwe mahali palipo na maneno yale, akayafuta yeye mwenyewe. Hakuona haya kuuliza mbele ya adui mahali pa neno katika waraka. Lishike jambo hili, kwani nitalirejea.

Waliyoyasema maulamaa wetu

Imam Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, amezitaja katika Minhaj sharti za kadhi: awe Mwislamu, mwenye akili na aliyebaleghe, muungwana, mwanamume, mwadilifu, asikiaye, aonaye, asemaye, awezaye kazi, na mwenye elimu ya kujitahidi. Kuandika hakumo katika hesabu hiyo. Na wafafanuzi wake, akiwamo Khatib Shirbini, wamesema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba haishurutizwi kwa kadhi kujua kuandika, na dalili yao ni ile ile ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa ummi. Basi yule wa pili barazani hakusema jambo lisilo na asili, na mwenye insafu yampasa akiri hivyo.

Lakini mwenye kuchukua neno moja katika kitabu akaacha la pili hakusoma kitabu. Kadhi huyo aliyesamehewa kalamu ametakiwa awe mwenye kujitahidi, yaani aijue Kurani na Hadithi na kauli za maulamaa na lugha ya Kiarabu. Amesamehewa mkono baada ya kujaa kifua. Na juu ya hayo amewekewa mwandishi, naye mwandishi ana sharti zake: awe Mwislamu, mwadilifu, ajuaye namna ya kuandika yapitayo barazani kwa kadhi na hukumu zake; na ni bora zaidi akiwa na fikihi, na akili nyingi, na hati nzuri. Ikiwa watu wasema lugha asiyoijua kadhi, atawekwa mtarjumani, naye ameshurutizwa uadilifu, tena hatoshi mmoja.

Na lipo jambo la ajabu zaidi. Kadhi akiona waraka wenye hukumu yake au ushahidi wake kwa hati yake mwenyewe, naye hakumbuki, haimfalii kuufuata mpaka akumbuke. Hata mwenye kuandika hakuruhusiwa kuiegemea karatasi akasahau kilichomo. Wakitakacho maulamaa ni mtu kujua anachokitolea hukumu, na kuandika ni njia ya kufikia huko.

Na tuangalie Kurani ilivyowaeleza waliopewa mamlaka. Nabii Yusuf (a.s.), katika aya ya 55 ya sura yake, alipotaka kuwekwa juu ya hazina za nchi, alijieleza kwa mambo mawili: kuhifadhi na kujua. Na Wana wa Israili walipomkataa Taluti kwa kuwa hakupewa wasaa wa mali, walijibiwa katika Suratul Baqara, aya ya 247, kuwa Mwenyezi Mungu amemzidishia elimu na mwili. Mali haikuhesabiwa kitu. Elimu ndiyo iliyohesabiwa.

Karatasi zilizotiwa alama

Sasa tutoke vitabuni tuje katika nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alitoka upande wa Saadani akaingia bara, akawaendea wakubwa wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Mmoja wao alikuwa Mangungo wa Msovero katika Usagara. Alitia alama yake katika maneno asiyoweza kuyasoma, yakiwa yamepita katika kinywa cha mkalimani aliyekuja na mgeni yule yule. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Wajerumani akatoa waraka wa himaya juu ya nchi hizo, na hoja yao ilikuwa ni zile karatasi.

Linganisha haya na Zaid bin Thabit. Mangungo alikuwa na msomaji, lakini msomaji yule alikuwa mtu wa yule aliyeleta waraka. Katika aya ya deni, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa atakayeimlisha maandishi ni yule ambaye haki i juu yake, na kama ni dhaifu au hawezi kuimlisha, basi walii wake aimlishe kwa uadilifu. Walii ni mtu wa upande wako. Hakuambiwa mdai amwandikie na kumsomea mdaiwa dhaifu.

Lakini mtu asije akasema: basi wangalijua kusoma, nchi isingalikwenda. Sayyid Barghash wa Unguja alijua kusoma na kuandika, na ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa vitabu. Alisoma, akafahamu, akapeleka malalamiko yake. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba lake, akalazimika kukubali. Na mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakapatana wao kwa wao kumwachia pwani ya upana wa maili 10. Kusoma hakuzuii mzinga. Lakini kuna tofauti baina ya mtu aliyenyang'anywa hali ajua na mtu aliyetoa kwa mkono wake hali hajui. Wa kwanza amedhulumiwa, na hoja yake ingali hai. Wa pili amepewa karatasi ya kumfunga mdomo yeye na wajukuu zake.

Kosa langu mwenyewe

Nimeyasema ya Mangungo, na sasa yanipasa niseme yangu, kwa kuwa si haki kumsuta maiti na kujisitiri aliye hai.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, katika mtaa wetu palikuwa na mzee aliyechaguliwa na watu kuwasimamia. Alikuwa mcha Mungu, afungaye Jumatatu na Alkhamisi, wala hapana aliyepata kumshitaki kwa senti moja. Hakujua kusoma herufi yoyote. Chini ya mkono wake kilikuwako kiwanja cha wakfu chenye minazi, ambacho mapato yake yaliezekea madrasa na kununulia misahafu. Akaja mtu akataka kukikodi. Mzee akaniita akasema, "Mwalimu, kaa karibu nami, wewe ndiwe msomi, unitazamie karatasi hizi."

Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mimi nimesoma chuoni na madrasa. Kiarabu nakisoma, na Kiswahili nakisoma kwa herufi zote mbili. Kiingereza sikijui. Nilizishika karatasi zile, nikapitisha macho juu ya mistari, nikafunua ukurasa kama mtu asomaye. Watu walikuwa wamekaa wakinitazama, na wanangu wa chuoni wamesimama mlangoni. Niliona haya kusema kuwa sijui. Yule mgeni akasema kuwa ni miaka mitatu. Mzee akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akatia dole gumba kwa kuniamini mimi, nami nikatia mkono kuwa shahidi.

Haikuwa miaka mitatu, ilikuwa thalathini na mitatu. Tulipojua, minazi ilikuwa imekwisha katwa. Mzee yule alikufa baada ya miaka miwili, wala hakunilaumu hata mara moja, na kutolaumu kwake kumenielemea zaidi kuliko lawama. Paa la madrasa likavuja misimu mingi, na kila mvua iliponyesha nikiwa nafundisha, watoto wakisogeza misahafu pasipovuja, niliona kuwa nasomewa mimi.

Nimetubia kwa Mola wangu, nami nayaandika haya ili mpime wenyewe. Mzee asiyejua kusoma alifanya alivyowezeshwa: alitafuta msomaji, akamtafuta katika watu aliowaamini. Aliyekhini alikuwa mwenye elimu, na kilichomkhinisha ni haya ya kusema sijui. Lakini tena tazama upande wa pili: kwa kuwa mzee hakujua kusoma, hakuwa na njia ya kunigundua. Lau angaliijua tarakimu tu, angaliweka kidole chake hapo akaniuliza, "Mwalimu, hii si thalathini na tatu?" Basi uaminifu wake haukuweza kuilinda wakfu, kwa kuwa macho yake yalikuwa ni yangu, nami niliyafumba.

Sharti likizidi mpaka

Kwa ajili ya hayo mtu aweza kudhani kuwa nitasema: lizidishwe sharti, na asipite ila mwenye shahada kubwa. La. Sharti la elimu nalo limepata kuwa silaha ya kuwafungia watu mlango.

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, serikali ya Waingereza iliweka kuwa hapigi kura ila mwenye mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi walizozitaja wao. Sharti lile lilikuwa juu ya mpiga kura, wala halikuwa juu ya mwenye cheo peke yake. Nani aliyewanyima watu darasa la nane? Ni wao wenyewe walioshika shule. Kumzuia mtu maji kisha ukamhukumu kwa kiu yake ni dhulma. Na huko kuhesabu mapato ndiko kule kule kwa waliomkataa Taluti kwa kukosa mali.

Nasi wa pwani tuna la kukumbuka zaidi. Wazee wetu waliandika barua, wasia, hati za mashamba na hesabu za biashara kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu. Serikali zilipogeuza maandishi zikashika herufi za Kirumi, mtu aliyekuwa mwandishi wa mji alilala msomi akaamka ahesabiwa mjinga, hali elimu yake haikupungua hata nukta. Basi pindi lisemwapo neno "asiyejua kusoma", yafaa kuuliza: kusoma nini, na kwa herufi gani?

Huko Pakistani mwaka 2002 liliwekwa sharti kuwa haingii bungeni ila mwenye shahada ya chuo kikuu. Wenye vyeti vya madrasa walikubaliwa, wengine wote wasio na shahada wakafungiwa, nao walikuwa sehemu kubwa ya raia. Mahakama ya juu ya nchi hiyo ililitengua sharti hilo mwaka 2008, na mwaka 2010 yalidhihiri mambo ya aibu, ya wabunge walioingia kwa vyeti vya uongo. Sharti lililowekwa ili kuleta watu bora likafungua soko la kughushi. Kazi ilihitaji mtu awezaye kuusoma mswada na kuufahamu, nao wakatakiwa waonyeshe karatasi yenye muhuri.

Jawabu

Basi jawabu langu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ni hili.

Cheo ambacho kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha matumizi ya mali ya umma, au kutia mkono katika mikataba, ni haki kumshurutiza mwenye kukitaka ajue kusoma na kuandika lugha itumikayo katika kazi hiyo. Maulamaa wetu wamesema kuwa jambo ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo ni wajibu. Kuihifadhi mali ya watu ni wajibu, na leo haihifadhiki kwa mtu asiyeweza kuisoma hesabu yake. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 67, imemtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na mimi sioni dhulma katika hilo, maana ni kadiri ya haja ya kazi, na aweza kuifikia mvuvi na mkulima akijitahidi. Likizidishwa sharti hadi shahada kubwa, limetoka katika haja likaingia katika kiburi.

Ama kazi isiyokuwa ya karatasi, kama kusuluhisha watu, kusimamia mtaa, kuongoza wavuvi wa bandari, hiyo yamfaa mwenye hekima na uaminifu hata kama hasomi. Lakini siku itakapomjia karatasi, asitie kidole mpaka isomwe na watu wawili waadilifu wa upande wake, kila mmoja peke yake, na maneno yao yawe mamoja. Mimi nilikuwa mmoja, na mmoja hakutosha.

Na wenye kuandika nao wana wajibu wao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hili ni jema, kwani kumshurutiza mtu asome, kisha ukamwandikia kwa lugha ya mbali, ni kumchezea.

Juu ya yote, msidhani kuwa mkipata msomaji mmekwisha. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa amana itapoteaje, alijulisha kuwa ni pale mambo yanapotegemezwa kwa wasiostahiki. Na mwizi ajuaye kusoma hastahiki zaidi kuliko mwizi asiyejua. Yeye huiba kwa hati nzuri. Mchagueni mwenye mambo mawili ya Nabii Yusuf, kuhifadhi na kujua, wala msiliuze moja kwa jingine.

Na wale wawili wa barazani nawaomba wapeane mikono. Wa kwanza amesema kweli juu ya usukani, lakini asimdharau mzee asiyesoma, kwani huenda ni mbora wake mbele ya Mwenyezi Mungu. Wa pili amesema kweli juu ya ummi, lakini asiufanye muujiza wa Mtume kuwa mto wa kulalia uvivu.

Madrasa yetu yafunguliwa kila Jumapili na Jumatano baada ya isha kwa wanaume wazima wasiojua kusoma, bila ya ada. Sasa hivi wako wazee watatu, mmoja amepita miaka sabini, naye tayari asoma majina ya maduka njiani kwa sauti. Na siku hizo hizo mimi nami hukaa upande wa pili wa chumba, mbele ya kijana niliyemfunza Juzuu Amma alipokuwa mtoto, naye anifunza Kiingereza. Aniuliza neno, nami nisipolijua husema: sijui. Neno hilo lilikuwa likinishinda. Sasa lanitoka, alhamdulillahi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatia mikono bila ya kuyajua, mrehemu mzee wetu, na uturudishie kilicho haki ya wakfu wako. Wabillahi taufiki. Wasalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.